Gdańsk: swali la "mji wa nani" limeulizwa vibaya

Julai 2025, Makumbusho ya Gdańsk yalifungua maonyesho ndani ya Jumba Kuu la Baraza la mji huo wa bandari ulioko kaskazini mwa Poland. Maonyesho yaliitwa "Nasi chłopcy", yaani "Vijana wetu", na yalihusu wakazi wa Pomerania ya Gdańsk waliotumikia jeshi la Hitler katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Rais wa wakati huo, Andrzej Duda, aliyalaani. Wanasiasa wa pande zaidi ya moja wakalaani pia, na tangu hapo habari hii imesimuliwa nje ya Poland kama ugomvi wa zamani uliofufuka: je, Gdańsk ni mji wa Wapolandi au wa Wajerumani? Hoja yangu ni kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa kwa ukweli, kwa sababu halikuwa swali la watu waliojenga mji ule kwa karne nyingi. Historia ya sanaa na tiba ya Gdańsk inaonyesha maswali matatu yenye uzito zaidi: nani alilipa, nani aliruhusiwa kuingia, na mwili wa nani ulilazwa juu ya meza ya kupasulia maiti. Anayeshika maswali hayo ataona kwa nini maonyesho yale yalistahili kufanyika, na pia kwa nini hasira ya waliolaani ina sehemu yake ya haki.

Kwanza liondolewe kosa moja linalorudiwa sana. Kati ya 1920 na 1939 Gdańsk, au Danzig kwa Kijerumani, haikuwa sehemu ya Poland wala ya Ujerumani. Ilikuwa Mji Huru chini ya Shirikisho la Mataifa, na zaidi ya tisa ya kila wakazi kumi walizungumza Kijerumani. Eneo la Pomerania lililopakana nao lilikuwa la Poland, na watu wake walikuwa raia wa Poland. Wanazi walipoyanyakua yote mawili Septemba 1939, waliwaandikisha wengi wa Pomerania katika orodha iliyogawa watu kwa madaraja ya "Ujerumani" wao. Aliyeandikwa aliweza kuitwa jeshini. Aliyekataa aliihatarisha familia yake, na kambi ya mateso ya Stutthof ilikuwa imefunguliwa mashariki mwa mji siku ya pili tu ya vita. Kwa hiyo wamo wawili tofauti ndani ya sare moja: kijana wa Danzig aliyeshangilia kuingia kwa Hitler, na kijana Mpolandi au Mkashubi, yaani wa jamii ya Kislavi ya Pomerania, aliyebebwa kwa nguvu. Wanaosema maonyesho yaliwatukuza askari wa Hitler wanawachanganya hao wawili. Lakini ukweli uko upande wa wakosoaji pia. Walinzi wa Posta ya Poland mjini humo waliosalimu amri Septemba mosi 1939 walipigwa risasi Oktoba 5 mwaka ule ule. Kwa wajukuu wao, neno "wetu" likiwekwa juu ya picha ya mtu aliyevaa sare ya wauaji ni jeraha, hata kama maelezo ya chini yanafafanua vizuri.

Sasa turudi nyuma, hadi kwenye jengo moja. Katika Mtaa wa Toruńska kuna monasteri ya zamani ya Wafransisko iliyojengwa kwa matofali mekundu. Leo ni Makumbusho ya Taifa ya Gdańsk, na wageni huenda huko kutazama picha moja ya altare. Wengi hutoka bila kujua kwamba wametembea ndani ya mojawapo ya shule muhimu za tiba za Ulaya ya kaskazini. Mwaka 1555 mtawa wa mwisho aliyeiongoza aliikabidhi kwa baraza la mji ili iwe shule, na mwaka 1558 shule ikafunguliwa, ikaja kuitwa Gimnasiamu ya Kiakademia. Baraza lilikuwa la Kilutheri, lilizungumza Kijerumani, lilifundisha kwa Kilatini, na lilikuwa chini ya mfalme wa Poland tangu 1454, likiwa na sarafu yake, mahakama yake na askari wake. Fedha zake zilitoka kwenye nafaka iliyoteremshwa kwa majahazi na vyelezo vya magogo kwenye mto Wisła, ikapakiwa melini kwenda Amsterdam. Nafaka hiyo ililimwa na wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana wao. Hawa ndio walilipa, na majina yao hayamo katika ukuta wowote wa jumba la baraza.

Mwaka 1613 daktari Joachim Oelhaf alipasua maiti mbele ya watazamaji katika shule hiyo. Maiti ilikuwa ya mtoto mchanga aliyezaliwa na kasoro za maumbile. Vijitabu vya watalii hupenda kusema ulikuwa upasuaji wa kwanza wa hadharani katika Ulaya yote ya kati na kaskazini. Dai hilo ni kubwa mno: Jan Jesenský alifanya upasuaji wa maiti hadharani Praha mwaka 1600, na Leiden ilikuwa na ukumbi maalumu wa anatomia miaka ya 1590. Umuhimu wa Gdańsk uko kwingine. Leiden ilikuwa na chuo kikuu, Praha pia, lakini Gdańsk haikuwa nacho. Shule ya mji wa wafanyabiashara, isiyoweza hata kutoa shahada ya udaktari, ilijigharamia anatomia kwa sababu bandari ilihitaji watu wanaojua kuunganisha mfupa uliovunjwa na winchi.

Kazi yenyewe ilikuwa na masharti magumu ambayo msomaji wa leo huyasahau. Ilifanywa majira ya baridi, maana hapakuwa na dawa ya kuhifadhi maiti nzima, na hata kwenye baridi muda ulikuwa siku chache tu. Utaratibu ulifuata kasi ya kuoza: tumbo kwanza, kwa kuwa matumbo huharibika mapema kuliko vyote, kisha kifua, kisha kichwa, na mwisho misuli ya mikono na miguu. Aliyechelewa kwenye ini alikuta ubongo umeshalainika kiasi cha kutosomeka. Mwili ulipatikana kwa idhini ya wenye mamlaka, na kwa kawaida ulikuwa wa mtu aliyehukumiwa kifo, wa maskini asiye na wa kumdai, au wa mtoto kama yule wa 1613. Mwana wa diwani hakulala pale. Kila mchoro wa viungo tunaoustaajabia kutoka karne zile una mtu wa namna hiyo nyuma yake.

Katika shule hiyo hiyo alikuja kufundisha Johann Adam Kulmus, mzaliwa wa Breslau, leo Wrocław, katika eneo la Silesia. Mwaka 1722 alichapisha mjini Gdańsk kitabu kidogo cha jedwali za anatomia, chenye mabamba 28 ya picha. Hakikuwa kitabu cha ugunduzi mkubwa. Nguvu yake ilikuwa mpangilio: picha yenye herufi, maelezo mafupi ya kila sehemu, halafu chini yake tanbihi ndefu kwa anayetaka zaidi. Kiliandikwa kwa Kijerumani, kwa hiyo kinyozi aliyefanya kazi ya upasuaji, ambaye Kilatini kilimpita kando, aliweza kukisoma. Kilibebeka na bei yake haikuwa ya vile vitabu vikubwa vya maktaba. Mwaka 1734 daktari wa upasuaji Gerard Dicten alikitoa kwa Kiholanzi. Waholanzi walikuwa Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara Japani, wakiwa wamebanwa kwenye kisiwa cha Dejima, Nagasaki, na kwa njia hiyo nakala zikafika Edo, mji unaoitwa Tokyo leo.

Mwaka 1771 madaktari Sugita Genpaku na Maeno Ryōtaku walikwenda uwanja wa kuulia wahukumiwa wa Kozukappara wakiwa na nakala za Kiholanzi. Aliyepasuliwa alikuwa mwanamke aliyeuawa kwa hukumu. Aliyeshika kisu hakuwa daktari. Alikuwa mzee wa tabaka lililobaguliwa, lililoachiwa kazi za kugusa maiti. Madaktari walisimama wakilinganisha ukurasa na mwili. Mapafu, ini na mifupa vilifanana na mabamba ya Gdańsk, na havikufanana na michoro ya Kichina waliyofundishwa. Walianza kutafsiri mara moja, bila kamusi ya maana, na mwaka 1774 wakachapisha juzuu nne za maandishi na moja ya picha. Tanbihi ndefu za Kulmus waliziacha. Istilahi ya Kijapani ya neva, inayotumika hadi leo, waliiunda wao.

Hapa sanaa na tiba haziwezi kutenganishwa. Bamba la Kulmus lilichongwa kwenye shaba: mchongaji hukwangua mistari ndani ya chuma, wino huingia kwenye mifereji hiyo, uso hufutwa, kisha karatasi iliyoloweshwa hubanwa kwa mashine hadi inyonye wino. Mistari hiyo huweza kuwa myembamba kama unywele, na kivuli hupatikana kwa kuipishanisha. Japani walichapa kwa mbao, ambako kazi ni kinyume chake: kinachobaki kimeinuka ndicho kinachochapa, na kila nafasi nyeupe huchimbwa kwa patasi. Mistari miwili ya shaba inayokatana ni sekunde chache; kwenye mbao ni vishimo vinne vidogo vya kuchimbwa kimoja kimoja, na kuta zake zikiwa nyembamba mno huvunjika chini ya shinikizo. Mchoraji Odano Naotake alilazimika kuamua kivuli kipi kibebe maana ya kitabibu na kipi ni pambo. Alifanya uamuzi wa daktari kwa mkono wa msanii. Ukurasa wa mbele haukutoka hata kwa Kulmus, ulifuata kitabu cha mwanaanatomia Mhispania Valverde kilichochapishwa Antwerp.

Je, kitabu hiki ni cha taifa gani? Mwandishi ni mzaliwa wa Silesia, mji ni wa taji la Poland, lugha ni Kijerumani, njia ni ya Kiholanzi, na matunda yake makubwa yalionekana Edo. Hoja dhaifu kuliko zote katika mzozo wa Gdańsk ni ile ya kugombea majina: Hevelius mwanaastronomia ni wetu, Fahrenheit wa kipimajoto ni wenu, Schopenhauer mwanafalsafa ni wa wale. Kila upande una ukweli wa kuuvunja upande mwingine. Anayesema mji ulikuwa wa Kijerumani tangu zamani na ulitamani Prussia, dola ya Kijerumani, aeleze kwa nini baba yake Schopenhauer, mfanyabiashara mwenye kuzungumza Kijerumani, alihama na familia yake Prussia ilipoutwaa mji mwaka 1793. Anayesema ulikuwa wa Kipolandi moyoni aeleze kwa nini mwaka 1577 ulipigana vita na mfalme wa Poland, Stefan Batory, kulinda haki zake. Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa hapo mwaka 1686, wazazi wake walikufa siku moja mwaka 1701 baada ya kula uyoga wenye sumu, akapelekwa Amsterdam kujifunza biashara, na zebaki yake aliiweka kwenye kioo cha Kiholanzi. Kipimajoto chake hakina uraia.

Kuna jibu la tatu, linalopendwa na viongozi wa mji na wageni wa Magharibi: Gdańsk ni mji wa wote, wazi kwa mataifa yote. Ni bora kuliko yale mawili, lakini nalo linaficha. Baraza lile lile lililofadhili anatomia lilifunga mlango wa uraia kwa Wayahudi na kwa Wamenonaiti, Wakristo wa dhehebu la Kiprotestanti waliokimbia mateso Uholanzi; liliwaruhusu kuishi pembezoni na kufanya kazi kwa masharti. Na ile picha ya altare katika makumbusho, "Hukumu ya Mwisho" ya Hans Memling, ambayo huoneshwa kama ushahidi wa uhusiano wa kimataifa, ni mali iliyoporwa. Iliagizwa na Angelo Tani, wakala wa benki ya Medici huko Bruges. Aprili 1473 ilikuwa melini kuelekea Florence pale Paul Beneke, nahodha wa Gdańsk mwenye kibali cha kuvamia meli za adui, alipoikamata. Papa alidai irudishwe. Wenye meli wakaiweka kanisani kwa Bikira Maria. Napoleon akaichukua kwenda Louvre mwaka 1807, ikarudi alipoanguka. Jeshi la Kisovieti likaichukua baada ya vita, ikakaa Leningrad, ikarudi 1956. Kila aliyeipoteza alilia wizi, na kila aliyeipata alisema ni ngawira halali. Bandari hupokea watu na mali kwa njia zote, zikiwemo zile za aibu.

Tauni ya 1709 inaonyesha gharama ya bandari hiyo kwa ukatili zaidi. Zaidi ya watu 24,000 walikufa ndani ya mwaka mmoja. Daktari wa mji, Johann Christoph Gottwald, aliandika taarifa ya alichokiona vitandani, ikachapishwa mwaka uliofuata. Mji uliokiri tauni ulipoteza meli kabla haujapoteza watu. Huo ni mgongano ambao kila bandari inaujua.

Nafasi ambayo masimulizi ya sasa huiruka kwa haraka ni karne ya 19, ya Prussia, na hapo naona upotoshaji mkubwa kuliko wote. Kipindupindu kilipiga Gdańsk mwaka 1831 na kikarudi mara kadhaa. Maji ya kunywa yalitoka kwenye mfereji wa Radunia kupitia mabomba ya mbao, na uchafu ulimwagwa kwenye mitaro iliyoishia mto Motława. Chini ya meya Leopold von Winter, mji ulileta maji ya chemchemi kutoka Pręgowo mwaka 1869, yakishuka kwa mteremko wenyewe, na mwaka 1871 ukakamilisha mabomba ya maji taka yaliyosanifiwa na Eduard Wiebe. Uchafu ulisukumwa kwa pampu za mvuke hadi kwenye mchanga wa Heubude, leo Stogi, ambako ulitandazwa mashambani ili udongo uuchuje na mboga ziote. Mpangilio huo una hila yake: maji safi yakija bila mabomba ya kuyaondoa, vyoo hufurika na mji huwa mchafu kuliko mwanzo. Winter alivifanya viwili karibu kwa pamoja, wakati miji mingi mikubwa ya bara la Ulaya ilikuwa bado inabishana.

Machi 1945 sehemu kubwa ya kitovu cha zamani cha mji iliteketea. Wapolandi waliokuja, wengi wakiwa wamefukuzwa kutoka Vilnius na maeneo ya mashariki, waliujenga upya kwa uso wa kabla ya 1793: kuta za mbele za Kiflemi na Kiholanzi, nyuma yake nyumba za wafanyakazi zenye madirisha ya kutosha na ua mpana mahali palipokuwa na vibanda vilivyosongamana. Sura ya Prussia iliachwa ipotee kwa makusudi. Nauelewa uamuzi huo, uliofanywa na watu waliotoka kwenye kaburi la vita. Lakini mgeni anayepiga picha Ulica Długa anaona mji uliochaguliwa, na kazi iliyookoa maisha mengi kuliko zote mjini humo iko chini ya ardhi, haina uso wa kupigwa picha.

Mahali ambapo swali la mwili wa nani linauma kabisa ni Chuo cha Tiba cha Danzig chini ya Wanazi. Taasisi yake ya anatomia iliongozwa na Rudolf Spanner. Mwaka 1945 tume ya Kipolandi ilikuta humo maiti nyingi, kadhaa zikiwa hazina vichwa. Zilitoka, miongoni mwa sehemu nyingine, kwenye gereza la mji lenye mashine ya kukata vichwa na kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kocborowo, ambayo zaidi ya wagonjwa wake 1,000 waliuawa msituni mwaka 1939. Uchunguzi wa Taasisi ya Kumbukumbu ya Taifa ya Poland, uliokamilika miaka ya 2000, ulithibitisha kwamba kitu cha namna ya sabuni kilitengenezwa humo kwa mafuta ya binadamu; haukuthibitisha kwamba watu waliuawa kwa lengo hilo. Tofauti hiyo lazima itajwe kwa uangalifu, kwa sababu wakanushaji wa mauaji ya Wayahudi hupenda kuvamia kila sentensi iliyotiwa chumvi. Ukweli uliothibitishwa unatosha. Oktoba 8, 1945, katika mji uliobomoka, Poland ilianzisha chuo chake cha tiba, na walimu wengi walitoka Vilnius. Walirithi majengo, na walirithi pia maswali.

Sanaa ya Wayahudi wa mji huu ina njia yake. Mwanzoni mwa 1939 jumuiya yao, ikilazimika kuuza Sinagogi Kuu iliyobomolewa mwaka ule ule, ilisafirisha vyombo vyake vya ibada na mkusanyo wa Lesser Gieldzinski hadi New York. Sharti liliandikwa: kama baada ya miaka 15 hakuna Wayahudi salama na huru Danzig, vibaki Marekani. Vilibaki. Vimehifadhiwa kwa sababu viliondoka, na yeyote anayedai urithi wa Gdańsk kwa jina la Poland, la Ujerumani au la wote anapaswa kuanza na sharti lile.

Nini kifuate? Maonyesho kama "Nasi chłopcy" yaendelee, ila jina lisiachiwe kazi ambayo hati zinapaswa kuifanya: kila sura ukutani iwe na daraja la orodha aliloandikwa, tarehe ya kuitwa, na kilichowapata waliokataa katika kijiji kile kile. Wapolandi waliolazimishwa wasichanganywe na raia wa Mji Huru waliojitolea, wala jamaa za waliouawa Postani wasiambiwe kuwa hasira yao ni ujinga. Katika jengo la Toruńska, Memling aelezwe kwa safari zake zote tangu Beneke, na ghorofa zile zisimulie pia Oelhaf na Kulmus, kwa ushirikiano na chuo kikuu cha tiba kilichopo mjini. Na wanafunzi wa udaktari wa Gdańsk, watakaoingia chumba cha anatomia mwaka huu, wafundishwe bamba la 1722 na meza za 1945 katika muhula mmoja, pamoja na utaratibu wa sheria unaowapatia wao miili leo: nani aliutoa mwili wake, alisaini nini, na jamaa zake watakabidhiwa mabaki lini.